Bidoni ndogo kwanza: namna ya kujifunza mikao migumu ya yoga bila kuumia



Tangu vikundi vyetu vilipoanza mazoezi ya kunyoosha mgongo, swali moja linarudi kila wiki. Wamama wanaangalia video katika telefone za watoto wao, wanaona watu wanasimama juu ya kichwa, wengine juu ya mikono, wengine wamejikunja kama upinde. Wanatuuliza: "Wale walifikaje pale? Na sisi tunaweza?"

Jibu letu ni ndiyo, wengi wetu tunaweza mengi kuliko tunavyofikiri. Lakini video ya dakika moja inaonyesha mwisho wa safari tu. Haionyeshi miezi iliyopita kabla, wala hatua ambazo mtu alipitia. Leo tunaandika juu ya hizo hatua.

Tuna sababu nyingine pia, na tunaisema kwa ruhusa ya mwenyewe. Mwenzetu mmoja, mama wa watoto watano, mwenye nguvu za kubeba mpunga kutoka shambani bila kupumzika njiani, alijaribu nyumbani kusimama juu ya kichwa. Aliegemea ukuta, akarusha miguu juu kama alivyoona katika telefone, akaanguka upande. Hakuvunjika mfupa, Mungu asifiwe. Lakini munganga alimkataza kubeba kitu chochote kichwani kwa wiki sita. Nyumba isiyo na robine inajua maana ya neno hilo. Binti zake wawili walikuwa wakiteka maji kabla ya kwenda masomo, na walichelewa mara nyingi. Baba wa nyumba akasema mambo ya yoga yaishe. Hata katika kikundi chetu, wengine walitaka tuache kabisa.

Tulikaa, tukazungumza, na tukaona kwamba shida ilitoka kwenye njia. Mzigo ulikuwa mkubwa, na hatua zilirukwa.

Shingo yetu na mizigo yetu

Wengi wetu tunajidanganya hapa. Tunasema: "Shingo langu linabeba bidoni ya lita 20, litashindwa nini kubeba mwili?" Lita 20 za maji ni kilo 20. Ukizibeba, miguu yako iko chini, uti wa mgongo umesimama wima, na ukiona unashindwa unaushusha mzigo. Ukisimama juu ya kichwa, mambo yote yanageuka. Mwili wa kilo 60 uko juu, shingo liko chini, na huwezi kuushusha mzigo kwa sababu mzigo ni wewe mwenyewe. Ukiyumba kidogo, shingo linajipinda likiwa chini ya uzito.

Wanaojua mkao huu wanaweka sehemu kubwa ya uzito kwenye mikono, kuanzia kiwiko mpaka viganja, na mabega yanasukuma chini kwa nguvu. Kichwa hakibebi mzigo wote. Kwa hiyo mabega yanapaswa kuwa tayari muda mrefu kabla ya miguu kuondoka chini. Mabega ya mwenzetu hayakuwa yametayarishwa, hata kama shingo lake ni la mbebaji.

Mama zetu walitufundisha njia

Njia nzuri ya kujifunza tunaijua tangu utoto. Mtoto wa kike wa miaka mitano ao sita hapewi bidoni ya lita 20. Anapewa chupa ya lita moja ao mbili, na kata ya kitambaa kichwani. Mama anatembea nyuma yake, anamwangalia. Maji yakimwagika, mama anarekebisha kata na wanaendelea. Mwaka unaofuata anapewa bidoni ya lita 5. Baadaye 10. Akifika 20, hakumbuki hata siku aliyojifunza. Hakuna anayemwambia yule mtoto kwamba ni mvivu kwa sababu alianza na chupa.

Sisi walimu tulifundishwa neno hilohilo tulipokuwa tunasomea ualimu: toka kwenye jambo rahisi kwenda kwenye gumu, toka kwenye kinachojulikana kwenda kwenye kisichojulikana. Mtoto anajua silabi kabla ya neno, na neno kabla ya sentensi. Mkao mgumu wa yoga una silabi zake pia.

Waliotangulia walifanya hivyo

Mtu mmoja aliyefanya yoga ijulikane dunia nzima ni B.K.S. Iyengar wa India. Alizaliwa mwaka 1918, wakati wa ile homa kali ya mafua iliyoua watu wengi duniani. Utotoni alishikwa na malaria, kifua kikuu na tifoidi. Alikuwa mwembamba na dhaifu. Alipokuwa kijana alipelekwa mji wa Mysore kwa dada yake, ambaye mume wake, T. Krishnamacharya, alikuwa mwalimu wa yoga. Mwaka 1937 Iyengar alianza kufundisha katika mji wa Pune. Mwaka 1966 alitoa kitabu kikubwa cha mikao, na ndani yake kila mkao umepewa namba ya ugumu. Aliipanga pia kwa ratiba ya wiki 300. Wamama, hesabuni: wiki 300 ni karibu miaka sita! Aliendelea na mazoezi mpaka uzeeni, akafariki mwaka 2014 akiwa na miaka 95.

Iyengar alitufundisha pia kutumia vitu vya kusaidia mwili: tofali, kamba, mkanda, kiti. Asiyefikia chini kwa mkono anaweka mkono juu ya tofali. Vitu hivyo vyote viko Kindu, na kikwembe kilichokunjwa vizuri kinafanya kazi ya mkanda.

Kuna mwanamke pia wa kukumbuka. Indra Devi alizaliwa Riga mwaka 1899. Alipoomba kufundishwa na Krishnamacharya, mwalimu alimkataa kwanza kwa sababu alikuwa mwanamke na mgeni. Hakuondoka. Mwishowe alikubaliwa, akajifunza, na baadaye yeye mwenyewe akafundisha watu Marekani na Argentina. Alifariki mwaka 2002 akiwa na miaka 102. Na Geeta, binti wa Iyengar, aliandika kitabu chake juu ya yoga ya wanawake, akieleza namna ya kufanya mazoezi wakati wa hedhi na wakati wa mimba.

Na karibu nasi, mjini Nairobi, shirika la Africa Yoga Project lilianzishwa mwaka 2007 na Mmarekani Paige Elenson. Vijana wa mitaa ya wanyonge, wengine wao wakiwa tayari mafundi wa sarakasi wanaojua kusimama kwa mikono, walifundishwa kuwa walimu wa yoga, na kazi hiyo inawapa wengi wao mkate wa kila siku.

Je, yoga ni dini?

Swali hili linaulizwa kwa heshima, nasi tunalijibu kwa heshima. Yoga ilitoka India, na mizizi yake imeshikana na dini za kule. Hatufichi hilo. Leo watu wa dini nyingi wanachukua mazoezi ya mwili na pumzi peke yake. Umoja wa Mataifa ulichagua tarehe 21 Juni kuwa siku ya yoga, kwa uamuzi wa Desemba 2014. Mwaka 2016, katika mkutano wa Addis Ababa, UNESCO iliandika yoga katika orodha ya urithi wa wanadamu, orodha ileile ambamo rumba yetu ya Kongo iliandikwa mwaka 2021.

Ndugu zetu Waislamu wanajua kwamba wanachuoni hawana neno moja. Malaysia, mwaka 2008, baraza la fatwa liliikataza kwa Waislamu. Saudi Arabia, mwaka 2017, serikali iliikubali kama mchezo wa mwili. Sisi katika kikundi hatuimbi maneno ya ibada ya mtu mwingine na hatuinamii sanamu. Tunavaa nguo za heshima, wanawake peke yetu. Kila mama amuulize imamu, padri ao mchungaji wake, na atakachoamua tutakiheshimu.

Mfano mmoja: mkao wa kunguru

Katika mkao huu mtu anachuchumaa, anaweka viganja chini, anaegemeza magoti kwenye mikono yake ya juu, na miguu inaondoka chini. Ukiutazama unasema ni uchawi. Ukiugawa katika hatua, unakuwa somo. Kila hatua ina mtihani wake. Usiende mbele kabla ya kuupita mtihani huo kwa siku tatu zinazofuatana.

Hatua ya 1: Viganja. Piga magoti, weka viganja chini sawa na mabega, vidole vimetanuka. Sukuma mwili mbele na nyuma polepole, mara 10. Mtihani: kesho yake vifundo vya mikono haviumi.

Hatua ya 2: Ubao. Toka hapo, nyoosha miguu nyuma, mwili uwe mstari mmoja toka kichwa mpaka visigino. Anza na sekunde 10. Wenye shida waache magoti chini. Mtihani: sekunde 30 bila tumbo kushuka na bila kuzuia pumzi.

Hatua ya 3: Kuchuchumaa. Hapa sisi ni matajiri. Tunafua nguo, tunapika kwenye mbabula, tunapalilia tukiwa tumechuchumaa. Watu wengi waliozoea viti tangu utoto hawawezi tena kushusha visigino chini. Mtihani: pumzi 5 ndefu, magoti yametanuka, mgongo haujakunjamana.

Hatua ya 4: Mizani. Chuchumaa, weka viganja mbele yako, kunja viwiko kidogo. Pandisha magoti juu kabisa kwenye mikono, karibu na makwapa. Simama kwa vidole vya miguu, kisha egemea mbele mpaka usikie uzito unahamia mikononi. Miguu ibaki chini. Weka mto ao vikwembe vilivyokunjwa mbele ya uso wako. Mtihani: pumzi 3 ukiwa umeegemea, bila woga.

Hatua ya 5: Mguu mmoja. Inua mguu wa kulia, rudisha. Inua wa kushoto, rudisha. Mtihani: kila mguu unakaa juu kwa pumzi moja.

Hatua ya 6: Miguu miwili. Kwa pumzi moja tu, kisha shuka polepole. Kesho pumzi moja tena. Ikiwa rahisi, ongeza ya pili.

Wengi wanakwama hatua ya 5, na wanadhani wamekosa nguvu. Mara nyingi wamekosa usawa. Fikirini mtumbwi wa kuvuka Lualaba kwenda Alunguli. Mwenye mtumbwi hasukumi watu kwa nguvu ili mtumbwi utulie. Anamwambia mmoja asogee mbele, mwingine arudi nyuma, na mtumbwi unatulia wenyewe. Katika kunguru, viganja ni katikati ya mtumbwi. Makalio ni mazito nyuma, kwa hiyo kichwa na kifua vinapaswa kwenda mbele kuyasawazisha. Anayeogopa kupeleka kichwa mbele hatainua miguu, hata awe na nguvu ya kutwanga siku nzima. Na macho yaangalie hatua moja mbele. Ukiangalia miguu yako, kichwa kinashuka na mwili unakifuata.

Mama mwingine atafika hatua ya 6 kwa wiki nne, mwingine kwa miezi sita. Wote wawili wamejifunza. Na atakayebaki hatua ya 3 amepata nyonga zinazofunguka na mgongo usiouma akifua, jambo ambalo ni zawadi kubwa.

Kidogo kila siku

Dakika 15, siku tano kwa wiki, zinashinda saa moja na nusu ya siku ya Jumapili. Walimu tunalijua kwa masomo ya darasani. Mwaka 1885 Mjerumani Hermann Ebbinghaus alionyesha kwamba mtu anayerudia somo kwa siku mbalimbali analishika vizuri kuliko anayelirudia mara nyingi siku moja. Mwili pia unajifunza hivyo. Wiki za kwanza nguvu inayoongezeka inatoka zaidi kwenye ubongo na mishipa ya fahamu, inayojifunza kuamsha misuli. Misuli yenyewe inakua baadaye. Kano, zile kamba zinazofunga misuli kwenye mfupa, zinachelewa zaidi, zinaomba miezi.

Hapo ndipo hatari iko. Baada ya wiki chache mtu anajisikia ana nguvu, anataka kuruka hatua, wakati kano zake bado hazijafika. Usingizi nao ni sehemu ya somo, kwa sababu ubongo unapanga usiku yale uliyofanya mchana. Mama ambaye hakulala kwa sababu ya mtoto mgonjwa arudi hatua moja nyuma siku hiyo, bila aibu.

Kujua maumivu mawili

Kuna maumivu ya misuli iliyofanya kazi. Yanakuja kesho yake ao kesho kutwa, yanaenea, na yanapona yenyewe kwa siku chache. Hayo ni kama yale ya siku ya kwanza ya kulima baada ya mapumziko. Kuna maumivu mengine, yanayochoma kama sindano, yaliyo ndani ya kiungo, ao yanayoteremka mkononi ao mguuni pamoja na ganzi. Hayo yanasema: acha sasa. Yakiendelea, nenda kwa munganga.

Hawa wasifanye mikao migumu bila ruhusa ya munganga: mwenye mimba, aliyejifungua karibuni na hasa kwa operesheni, mwenye tensio ya juu, mwenye ugonjwa wa macho wa presha (kichwa kikiwa chini presha ya macho inapanda), aliyewahi kuumia shingo ao mgongo, na mwenye SS, kwa sababu uchovu mkali na kukosa maji vinaweza kumletea mshtuko wa maumivu. Mwenye homa apumzike mpaka apone. Wote tunywe maji, na tufanye mazoezi kabla ya kula, asubuhi mapema, wakati joto la Kindu halijapanda.

Yale tuliyokubaliana

Baada ya mazungumzo yetu, kikundi hakikuvunjika. Tulikubaliana mambo matano, na tunayatoa kwa vikundi vingine.

Moja, hakuna anayejaribu mkao mpya peke yake nyumbani. Tunafanya wawili wawili: mmoja anajifunza, mwingine anaangalia mgongo, mabega na pumzi.

Mbili, kila mama ana kaye. Anaandika tarehe, hatua aliyofika na namna mwili ulivyosikia. Asiyejua kuandika anachora mistari, ao binti yake anamwandikia.

Tatu, tunafanya chini pagumu, miguu bila viatu. Mkeka unaoteleza juu ya sima ni hatari, kwa hiyo tunautandika juu ya udongo ao tunauacha.

Nne, video za telefone tunaziangalia pamoja, tunazisimamisha, tunatafuta hatua zilizofichwa ndani yake. Watoto wetu wa kike waelezwe hivyo pia, maana wao wanaiga haraka kuliko sisi.

Tano, kusimama juu ya kichwa hakumo katika mazoezi yetu mpaka tupate mwalimu aliyefundishwa kazi hiyo. Mwenye kutamani sana afanye ubao, aimarishe mabega, na asubiri.

Mwenzetu aliyeumia amemaliza wiki zake sita, na munganga amemruhusu. Amerudi hatua ya 1, viganja chini, mbele na nyuma mara 10. Mume wake bado hajafurahi sana, lakini alipoona kaye yake yenye tarehe na hatua, alisema afadhali sasa kuna mpango. Bidoni ya lita 20 ameianza tena wiki hii, na kabla yake alibeba ya 5 na ya 10.

Vikundi vinavyotaka kuanza, anzeni na hatua ya 1 ya kunguru kwa wiki moja nzima, hata kama inaonekana ni mchezo wa watoto. Andikeni katika kaye. Haraka haraka haina baraka.